Je, Haut-Katanga inaweza kujitungia sheria ya huduma za dharura bila kusubiri Kinshasa?

Ndugu yangu wa Kampemba,

Umeniandikia kwamba kaka yako mkubwa aligongwa na lori kwenye barabara ya Likasi. Kwamba ambulansi ya binafsi iliyofika ilidai dola kwanza kabla ya kumwinua kutoka chini. Kwamba mwenye teksi aliyekubali kumbeba alizuiliwa kwenye lango la hospitali ya kwanza hadi apatikane mtu wa kulipa. Na kwamba matibabu yalianza katika hospitali ya pili, jua likiwa limekwisha kuzama. Unauliza kama yote hayo yanaruhusiwa na sheria. Unauliza pia, kwa niaba ya wenzako wa chama cha vijana, kama bunge la jimbo letu linaweza kutunga sheria ya huduma za dharura au ni lazima tusubiri Kinshasa, na sheria hiyo iseme nini.

Poleni sana wewe na familia, na namshukuru Mungu kwamba kaka yako anaendelea kupata nafuu. Jibu la swali la kwanza ni hapana, mengi kati ya mliyotendewa hayaruhusiwi. Jibu la swali la pili ni ndiyo, jimbo linaweza, ila kwa mipaka nitakayoieleza. Na nikiulizwa kifungu cha kwanza cha sheria hiyo kiseme nini, nitasema kihusu fedha kabla ya kuhusu magari, kwa sababu kaka yako hakukosa gari: alipata mawili, na yote mawili yalisimamishwa na swali la nani atalipa.

Tuanze na sheria zilizopo. Katiba ya nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 16, inasema kwamba utu wa binadamu ni mtakatifu na kwamba Serikali ina wajibu wa kuuheshimu na kuulinda. Kifungu cha 47 kinahakikisha haki ya afya na kuiachia sheria iweke misingi ya mpangilio wake. Sheria hiyo ni ile nambari 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018, iliyorekebishwa mwaka 2023 ili kufungua njia ya bima ya afya kwa wote. Kama jina lake linavyosema, ni sheria ya misingi: inapanga mfumo wa afya katika ngazi tatu, yaani taifa, jimbo na zoni ya afya, na kazi ya kuipa misingi hiyo mikono na miguu inabaki kwa maandishi mengine.

Upande wa jinai, kanuni yetu ya adhabu, katika kifungu cha 66 ter, inamwadhibu mtu anayeacha kwa makusudi kumsaidia mwenzake aliye hatarini, wakati angeweza kumsaidia yeye mwenyewe au kwa kumwita mwingine, bila kujihatarisha wala kuwahatarisha wengine. Kifungu hiki hakimlengi mpita njia peke yake. Mhudumu wa ambulansi anayesimama na machela mkononi huku akihesabu fedha, na mlinzi wa lango anayeona damu na kuuliza malipo, wote wawili wana uwezo wa kusaidia bila hatari yoyote, na wote wawili wanaingia katika maneno ya kifungu hicho. Daktari ana wajibu zaidi ya huo, kwa kuwa maadili ya taaluma yake yamewekwa kisheria tangu mwaka 1970.

Kuhusu mwenye teksi aliyezuiliwa, hapa sheria iko wazi na inasikitisha kwamba watu wachache wanaijua. Mtu anayemleta mgonjwa hospitalini hajafunga mkataba wowote wa matibabu, kwa hiyo hadaiwi chochote. Kinyume chake, kwa amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba na wajibu, ambayo bado ndiyo msingi wa sheria yetu ya madai, anayeshughulikia jambo la mwenzake kwa manufaa ya huyo mwenzake ana haki ya kurudishiwa gharama za lazima alizotumia. Kumzuilia kwenye lango ni kumnyima uhuru wake, na kifungu cha 67 cha kanuni ya adhabu kinaadhibu kumkamata au kumzuilia mtu bila haki pale inapofanywa kwa nguvu, kwa hila au kwa vitisho. Hoja hiyohiyo inamhusu mgonjwa aliyepona lakini anazuiliwa wodini kwa sababu ya deni. Nchi yetu ilijiunga mwaka 1976 na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa, ambao kifungu chake cha 11 kinakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza deni la mkataba. Hospitali ina haki ya kudai fedha zake, na ina njia za kisheria za kuzidai, lakini mwili wa mgonjwa haukuwekwa rehani.

Basi utaniuliza kwa nini, pamoja na sheria zote hizo, kaka yako alilala chini. Sababu yake ni kwamba hizi ni sheria za baada ya tukio. Zinamtafuta mkosaji wakati mtu amekwisha kuumia zaidi au kufa, na zinamtaka aliyeumia afungue kesi, apate mashahidi, amlipe wakili. Hazisemi nani apokee simu, nani atume gari, gari liwe na nini ndani, hospitali ipi impokee mgonjwa, wala nani amrudishie muuguzi glavu na dripu alizotumia. Muuguzi wa lango hakuwachukia. Mara nyingi anajua kwamba akifungua mlango bila malipo, kesho msimamizi wake atamkata mshahara, au duka la dawa la hospitali litabaki tupu. Kumtisha kwa jela bila kumwondolea hofu hiyo hakutabadilisha kitu. Pengo ni la mpangilio, na mpangilio ndio kazi ambayo jimbo linaweza kuifanya.

Mamlaka ya jimbo yanatoka kwenye Katiba. Kifungu cha 197 kinalipa bunge la jimbo uwezo wa kutunga sheria zake, zinazoitwa edi. Kifungu cha 202 kinaiachia serikali kuu sheria ya taaluma ya tiba yenyewe: nani ni daktari, nani ni mfamasia, kanuni za tiba ni zipi. Lakini kifungu cha 204, kinachoorodhesha mambo ambayo ni ya jimbo peke yake, kinataja utekelezaji na ukaguzi wa sheria za taifa za tiba na dawa, mpangilio wa huduma za tiba, na uendelezaji wa huduma za afya za msingi. Soma vifungu hivyo viwili pamoja na utaona mpaka uko wapi. Edi ya Haut-Katanga haiwezi kuunda taaluma mpya ya afya na kuipa diploma, wala kumruhusu mtu asiye muuguzi kufanya kazi ya muuguzi. Inaweza, bila kuvunja chochote, kuanzisha kituo cha jimbo cha kupokea simu za dharura, kupanga hospitali zipi zinapokea majeruhi wa aina gani, kuweka masharti kwa kila ambulansi inayofanya kazi katika ardhi ya jimbo, na kuikabidhi Divisheni ya Afya ya jimbo kazi ya ukaguzi. Katiba inaruhusu hata adhabu za faini au kifungo ili edi iheshimiwe, mradi zilingane na sheria za taifa.

Kuna kifungu kimoja ambacho mwandishi wa edi hapaswi kukisahau hata siku moja. Kifungu cha 205 kinasema kwamba, katika mambo ambayo taifa na jimbo wanashirikiana, edi inayopingana na sheria au kanuni za taifa ni batili yenyewe. Nimeona rasimu nyingi nzuri zikiandikwa kwa moyo na kuanguka hapo, kwa sababu mwandishi alichukua sheria ya nchi nyingine na kuibandika jina la jimbo. Kila kifungu chenu kianze na swali hili: je, hapa tunapanga huduma, au tunatunga sheria ya tiba? Kama ni la pili, kifungu hicho kiondoke.

Hali yetu si ya pekee duniani. Katika Marekani, simu ya kwanza ya nambari 911 ilipigwa tarehe 16 Februari 1968 katika mji mdogo wa Haleyville, Alabama, na mwaka 1973 serikali kuu ilitunga sheria ya kusaidia kujenga mifumo ya dharura kwa fedha zake. Fedha hizo zilipounganishwa mwaka 1981 na misaada ya jumla kwa majimbo, kila jimbo lilibaki na jukumu la kuamua kiasi cha kutumia, na hadi leo leseni za ambulansi na za wahudumu wake zinatolewa na majimbo. Jimbo kujipangia huduma ya dharura si jambo geni. Lakini somo lenye uzito zaidi kutoka huko ni la mwaka 1986, wakati sheria ya taifa ilipozilazimisha hospitali zinazopokea fedha za bima ya wazee kumpima na kumtuliza kila anayefika na hali ya dharura, awe na fedha au asiwe nazo. Agizo lilikuwa la haki, ila halikuja na mfuko wa kulilipia, na hospitali zimelalamika tangu wakati huo kwamba zinabebeshwa mzigo peke yake. Kwetu, ambako hospitali nyingi zinaishi kwa ada za wagonjwa, agizo la namna hiyo bila mfuko lingedumu wiki chache.

Mfano unaotufaa zaidi, kwa maoni yangu, ni wa Ubelgiji, ambayo mazoea yake ya kisheria ndiyo yaliyotulea. Sheria yake ya tarehe 8 Julai 1964 kuhusu msaada wa tiba ya dharura ilitungwa miaka minne baada ya uhuru wetu, kwa hiyo haikuwahi kutumika hapa. Ilimpa mpokea simu wa kituo cha dharura mamlaka ya kuamuru: akimtaja daktari, daktari anakwenda; akiitaja hospitali, hospitali inampokea mgonjwa bila masharti ya kutangulia. Sambamba na amri hiyo, ikaweka mfuko wa kumhakikishia daktari, mwenye ambulansi na hospitali malipo yao pale mgonjwa anaposhindwa. Amri na mfuko viliandikwa pamoja, na ndiyo sababu amri ilitiiwa.

Jirani zetu wa Afrika Mashariki nao wamepiga hatua. Rwanda ilianzisha huduma yake ya taifa ya ambulansi mwaka 2007, na nambari yake ni 912. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikaeleza kwamba matibabu hayo yanajumuisha huduma kabla ya kufika hospitalini, kutuliza hali ya mgonjwa, na kupanga ahamishwe pale kituo kinaposhindwa. Maneno hayo ya "kabla ya kufika hospitalini" ni ya kuigwa, kwa sababu yanaileta barabara ndani ya sheria.

Hapo ndipo nataka edi yenu iwe makini: dharura ni nini? Bila mpaka ulio wazi, kila mgonjwa ataitwa wa dharura na mfuko utakauka, au hospitali itasema hakuna aliye wa dharura. Mwaka 1997 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikutana na swali hilo, pale mtu mwenye ugonjwa wa figo wa muda mrefu alipodai asafishwe damu kwa kutegemea kifungu cha Katiba yao kisemacho kwamba hakuna atakayekataliwa matibabu ya dharura. Mahakama ilisema kifungu hicho kinahusu janga la ghafla linalohitaji kushughulikiwa papo hapo, si ugonjwa unaohitaji tiba ya kudumu. Uamuzi ule ulikuwa mchungu, na mtu yule alifariki muda mfupi baadaye. Hata hivyo mpaka uliowekwa unaeleweka. Kwenu ningeandika kwamba dharura ni hali iliyozuka ghafla ambayo, isiposhughulikiwa mara moja, inaweza kumuua mtu au kumwachia ulemavu, na kisha ningetaja kwa majina, ili muuguzi wa zamu asibaki akitafsiri sheria usiku wa manane: ajali yenye jeraha kubwa, kutokwa damu kusikosimama, mama mjamzito au aliyejifungua anayetoka damu au anayetetemeka kwa degedege, mtu asiyepumua vizuri, aliyezimia, aliyeungua, aliyekunywa sumu, mtoto mwenye degedege. Mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili, na ubongo usiopata oksijeni huanza kuharibika baada ya dakika chache tu. Hakuna ofisi ya malipo inayoweza kwenda kwa kasi hiyo.

Kwa hiyo kifungu cha fedha ningekiandika hivi: hakuna ambulansi wala kituo cha afya, cha serikali, cha kanisa au cha binafsi, kitakachodai fedha za kutanguliza, dhamana, kitambulisho wala kadi ya simu kwa mtu aliye katika dharura, wala kwa aliyemleta, hadi hali yake itulie, na mfuko wa jimbo utamlipa mtoa huduma kwa bei iliyobandikwa ukutani, ndani ya muda uliotajwa. Baada ya hapo mfuko wenyewe ndio unaogeuka na kumdai anayepaswa kulipa. Katika ajali ya barabarani huyo ni bima ya gari lililosababisha ajali, kwa maana bima ya gari ni ya lazima nchini mwetu tangu mwaka 1973, na Kanuni ya Bima ya mwaka 2015 ilimaliza ukiritimba wa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, na kuleta makampuni mengine. Kwa mfanyakazi, Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri agharimie matibabu, na ajali za kazini zinaangukia kwenye hifadhi ya jamii. Kwa asiye na chochote, deni lilipwe kidogokidogo au lisamehewe kwa uamuzi wa ofisi ya ustawi wa jamii. Tofauti ni kwamba mzozo wa nani alipe unahamishwa kutoka langoni, ambako kuna mtu anayetoka damu, na kupelekwa ofisini, ambako kuna mwanasheria na mhasibu.

Fedha za kuuanzisha mfuko zitoke wapi? Hapa vijana wengi wanapendekeza kodi mpya, na ndipo rasimu inapokufa, kwa sababu orodha ya kodi, ushuru na ada za majimbo imefungwa na amri-sheria nambari 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018, na jimbo haliwezi kubuni kodi iliyo nje yake. Njia iliyo salama ni fungu maalumu katika bajeti ya jimbo, linaloandikwa kila mwaka na kutajwa ndani ya edi ili lisiliwe na mahitaji mengine. Njia ya pili ni yetu sisi watu wa migodi: Kanuni ya Migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kila kampuni inayochimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mapato yake ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Fedha hizo zina vyombo vyake vya kuzisimamia, na edi haiwezi kuzichukua kwa nguvu. Inaweza kufungua mlango wa makubaliano, ili kituo cha dharura cha kwenye barabara kuu kihesabiwe kuwa mradi wa jamii. Malori ya migodi ndiyo yanayojaza barabara zetu, na sioni aibu yoyote katika kuyataka yachangie kuwaokoa wanaoumia humo.

Kituo cha simu ndicho moyo wa mpango huu, na kinahitaji watu waliofundishwa zaidi kuliko majengo. Mjini kwetu nyumba nyingi hazina nambari inayojulikana, kwa hiyo mpokea simu lazima ajue kuuliza kwa alama ambazo watu wanazitumia. Mama akipiga kutoka mtaa wa Bel-Air usiku, anaulizwa kwanza yuko wapi: "Mama, uko upande gani wa kanisa? Kuna mtu anaweza kusimama barabarani na tochi?" Kisha: "Anapumua? Anajibu ukimwita?" Kisha: "Damu inatoka? Chukua kitenge, kikunje, kibonyeze juu ya kidonda kwa nguvu, usikiondoe kuangalia." Maelekezo hayo, yakitolewa kwa utulivu wakati gari liko njiani, yanaokoa watu ambao gari lingewakuta wamekufa. Edi iseme kwamba simu hiyo haina malipo, inapokelewa usiku na mchana, kwa Kiswahili na Kifaransa, na kwamba kila simu inaandikwa saa iliyoingia, saa gari lilipotoka, saa lilipofika, na hospitali iliyopokea. Daftari hilo ndilo litakalotuambia ukweli baadaye, na pia ndilo ushahidi wa kwanza pale mtu anapokataliwa langoni.

Kuhusu magari, nitakuwa na maneno machache lakini makali. Ambulansi bila vifaa ni teksi yenye king'ora. Mwambie mbunge wenu, siku atakapoalikwa kwenye sherehe ya kukabidhi gari jipya, afungue mlango wa nyuma na kutazama sindano ya kipimo kwenye chupa ya oksijeni. Ikiwa imelala kwenye sifuri, mgonjwa wa pumu atakayelazwa humo kesho hatapata hewa zaidi ya ile ya barabarani. Atazame kama machela inajifunga chini au inateleza gari linapokata kona, kama kuna kifuko cha kumpumulisha mtu mzima na kingine kidogo cha mtoto, kama mashine ya kunyonya matapishi inawaka. Edi iweke karatasi ya ukaguzi inayotiwa sahihi kila zamu inapobadilishana, na gari lisilo na karatasi hiyo lisitoke. Ndani awepo muuguzi aliyesajiliwa pamoja na dereva aliyefundishwa huduma ya kwanza. Hii haiundi taaluma mpya, inawatumia wale ambao sheria ya taifa imekwisha kuwatambua.

Jambo moja la barabara zetu halimo katika sheria za nchi nyingine nilizozitaja, na mimi ningelipa kifungu chake. Malori yanayobeba tindikali kwenda migodini yanapita katikati ya vijiji na masoko. Mwezi Februari 2019, kwenye barabara kati ya Lubumbashi na Kolwezi, lori la tindikali liligongana na magari mengine, na watu karibu 20 walipoteza maisha, wengine wakiungua kwa tindikali hiyo. Kwa aliyemwagikiwa tindikali, msaada wa kwanza ni kumvua nguo na kummwagia maji safi mengi kwa muda mrefu, na anayemwokoa lazima ajikinge, la sivyo wanaungua wawili. Hakuna anayeweza kufanya hivyo kama hajui lori limebeba nini. Edi imtake msafirishaji kukijulisha kituo cha simu aina ya shehena inayopita katika jimbo, na iwatake polisi wa barabarani, kwenye vizuizi vyao, wawe na orodha hiyo. Kwa kuwa usafirishaji wa vitu hatari unagusa pia mamlaka ya taifa, kifungu hiki kiandikwe kama wajibu wa kutoa taarifa kwa huduma ya dharura, na kisiwe kibali cha usafirishaji.

Polisi wana nafasi yao, na iwekwe wazi: mgonjwa kwanza, PV, yaani taarifa ya maandishi ya polisi, baadaye. India iliwahi kuwa na mazoea ya hospitali kuwakataa majeruhi wa ajali kwa kuogopa mambo ya polisi, na Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo iliamua mwaka 1989 kwamba kila daktari, wa serikali au wa binafsi, ana wajibu wa kuokoa maisha kwanza na kwamba taratibu za jinai hazina ruhusa ya kumchelewesha. Kifungu cha namna hiyo kingewatuliza wenye teksi na motari wetu, yaani waendesha pikipiki, ambao leo wengi wanapita pembeni ya majeruhi kwa hofu ya kushikwa kama mashahidi, kuachiwa bili, au kudhaniwa kuwa ndio waliomgonga. Edi imhakikishie anayemleta majeruhi kwamba ataacha jina lake akipenda, na kuondoka huru.

Nisingeandika ndani ya edi ahadi kwamba ambulansi itafika kila mahali kwa dakika kadhaa. Barabara ya kwenda Kipushi si sawa na barabara za vijiji vya Kasenga wakati wa mvua, na ahadi isiyotimizika inawafundisha watu kuidharau sheria nzima. Kwa vijiji, ni afadhali kufundisha motari, walimu na wakuu wa kitongoji huduma ya kwanza, na kukitaja kituo cha afya cha karibu kuwa sehemu ya mtandao.

Kwa kaka yako mwenyewe, hifadhini nakala ya PV ya polisi, namba ya gari lililomgonga, risiti zote za hospitali, na majina ya mashahidi wawili watatu, akiwamo mwenye teksi kama anakubali. Dai la kwanza lielekezwe kwa bima ya lori. Kuhusu hospitali iliyokataa, mnaweza kumwandikia daktari mkuu wa zoni ya afya inakopatikana, na kuhusu daktari, kama yupo daktari aliyekataa yeye mwenyewe, Baraza la Madaktari la jimbo. Kwenda kwa mwendesha mashtaka kwa kutumia kifungu cha 66 ter kunawezekana. Shaurianeni na wakili kwanza, kwa sababu mtatakiwa kuthibitisha kwamba aliyekataa alijua hatari na aliweza kusaidia.

Kuhusu edi, utaratibu si mgumu kama unavyodhani. Uwezo wa kupendekeza edi ni wa serikali ya jimbo na pia wa kila mbunge wa jimbo, kwa hiyo mbunge mmoja anatosha kuiweka mezani. Ninyi wananchi mna kifungu cha 27 cha Katiba, kinachompa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wengine, na kinachoitaka mamlaka hiyo ijibu ndani ya miezi mitatu. Andikeni ombi fupi, mliambatanishe na rasimu ya vifungu vitatu tu kwa kuanzia, yaani maana ya dharura, marufuku ya fedha za kutanguliza pamoja na mfuko wake, na kituo cha simu. Mengine yataongezwa kwenye kamati. Likabidhini kwenye ofisi ya bunge la jimbo hapa Lubumbashi, nakala moja kwa gavana na nyingine kwa Divisheni ya Afya, na hakikisheni kila nakala inayobaki kwenu imegongwa mhuri wa mapokezi wenye tarehe, kwa kuwa miezi mitatu inahesabiwa kuanzia mhuri huo.